Huyu Si Mimi

Milango ya ukumbi wa zimamoto wa Calloway, Ohio, ilifunguliwa saa tatu kasoro dakika kumi, Jumamosi ya pili ya Februari, kwa sababu Gary Stumbo, mwandaaji wa maonyesho ya kadi, alichoka kuwaona watu wakiganda nje. Magari mawili ya zimamoto yalikuwa yametolewa, na mahali pake zikapangwa meza arobaini na mbili. Juu ya meza kulikuwa na kadi: kadi za besiboli, za mpira wa vikapu, za madude ya katuni za Kijapani, kadi zilizolala kwenye masanduku marefu ya karatasi ngumu, na kadi zilizofungwa ndani ya vibao vya plastiki vyenye namba ya ubora, moja hadi kumi, kumi ikiwa ndiyo pepo. Kwenye kona, wake wa wazimamoto waliuza kahawa na mikate ya nyama ya kusaga iliyolowa mchuzi. Kila aliyeila alinawa mikono mara mbili kabla ya kurudi mezani, maana katika ukumbi ule alama ya kidole chenye mafuta ilikuwa dhambi kubwa kuliko uzinzi.

Meza ya Lucius Bratcher iliwekwa karibu na mlango, pale baridi inapoingilia. Alikuwa na miaka sabini na mitano, mrefu, mweusi tii, uso mwembamba, masikio yaliyosimama, na alama nyeusi ya kuzaliwa chini ya jicho la kushoto. Alivaa suti yake ya kanisani. Kando yake aliketi binti yake Vernetta, dereva wa greda la theluji la manispaa, ambaye alikuwa ameomba ruhusa kazini ili amlete. Ukutani nyuma yao Stumbo alibandika bango: LUCIUS BRATCHER, MTU WA KADI YA KOSA.

Kosa lenyewe kila mkusanyaji analijua. Mwaka 1973 Lucius alicheza msimu mmoja kwenye ligi kuu ya besiboli. Alikuwa mrushaji. Akashinda michezo minne, akapoteza sita, bega likaharibika, akarudi Calloway kufanya kazi kwenye kiwanda cha matairi. Kampuni ya kadi ilimtoa mara moja tu, kadi namba 418. Jina lilikuwa lake. Takwimu za nyuma zilikuwa zake. Picha ilikuwa ya Wendell Tate.

Wendell alikuwa mwenzake wa timu. Alikuwa mfupi, shingo nene, maji ya kunde, pua pana, kovu juu ya nyusi, na alirusha kwa mkono wa kushoto wakati Lucius alirusha kwa kulia. Mpiga picha aliwapiga wote wawili asubuhi moja huko Florida, akaandika majina kwenye daftari, akayachanganya. Hawakufanana hata ukucha. Walifanana kitu kimoja tu, kile ambacho mpiga picha alikiona, na akaona kinatosha.

Lucius aliiandikia kampuni barua tatu mwaka ule. Alijibiwa moja. Ilianza na maneno, "Mpendwa Bwana Tate." Wendell naye alifariki mwaka 1981, moyo, bila kuwahi kutolewa kwenye kadi yenye jina lake.

Sasa, kwa wakusanyaji kosa ni mali. Kadi ya mrushaji aliyeshinda minne na kupoteza sita ingeuzwa bei ya peremende. Lakini yenye jina la mtu mmoja na uso wa mwingine, hiyo wanaifungia kwenye kabati la chuma. Kwa miaka hamsini watu wazima wenye akili zao walifurahia kwamba hakuna aliyejali kuwatofautisha wanaume wawili weusi, na kadiri muda ulivyopita wakafurahia kwa bei ya juu zaidi.

Stumbo alimfuata Lucius nyumbani mwezi wa Novemba na mkataba wa ukurasa mmoja. Lucius atie sahihi kadi mia mbili za 418. Saa tisa alasiri atakuja mwakilishi wa kampuni, Bwana Kessler, na kamera. Kampuni inatoa kadi mpya za wachezaji wa zamani. Lucius atapigwa picha, uso wake, jina lake, na kadi itachapishwa kabla ya kiangazi. Lucius hakuuliza malipo ya sahihi. Aliuliza mara mbili tu kuhusu picha, kisha akatia saini.

Mteja wa kwanza alikuwa mwanamume mwenye kofia ya sufu, aliyeishika kadi kwa kingo, kwa vidole viwili, kama anayeshika nyuki.

"Mzee, shikamoo. Naomba usiandike jina langu," alisema. "Ukiandika jina langu inashuka."

"Inashuka nini?"

"Bei, mzee. Nani atanunua kadi ya Todd? Wewe weka sahihi tu, wino wa bluu. Halafu chini yake uandike ile."

"Ipi?"

"Ile ya kwenye mkataba wako, Stumbo ametutangazia. 'Huyu si mimi.'"

Lucius alimtazama Stumbo. Stumbo alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono mifukoni, anatabasamu.

"Ndiyo inayouza hiyo, Luke," alisema Stumbo. Hakuna mtu aliyewahi kumwita Lucius kwa jina la Luke. "Iandike vizuri, isomeke."

Lucius akaandika jina lake juu ya kifua cha Wendell Tate, na chini yake: Huyu si mimi. Todd akapuliza wino ukauke, akaitumbukiza kadi kwenye mfuko wa plastiki, akaenda zake akicheka na mwenzake.

Kwenye kadi ya kumi na tisa, ile alama ya kuzaliwa chini ya jicho la Lucius ilitoweka. Mzee aliyekuwa mbele ya foleni aliona kwanza, kwa kuwa alikuwa na kioo cha kukuzia mkononi na mazoea ya miaka arobaini ya kutafuta kasoro.

"Lile doa lako limefutika, mzee," alisema.

"Nimehisi," alisema Lucius.

"Afadhali. Lilikuwa linakutofautisha sana na kadi."

Kwenye kadi ya hamsini masikio yalikuwa yamelala. Kufika sabini, pua ilikuwa imetanuka na ngozi imeanza kupauka kuanzia paji la uso kuteremka, taratibu, kama chai inavyomiminiwa maziwa. Foleni iliendelea. Mwanamke mmoja aliyekuja na kadi tatu alirudi nyuma hatua mbili, akainua moja, akailinganisha na mtu aliyeketi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wengine walianza kuwaachia nafasi walio nyuma yao. Walikuwa wamesikia kwamba anayetiliwa sahihi baadaye anatiliwa na mtu anayefanana zaidi na kadi.

Vernetta alikuwa ameenda kununua kahawa. Aliporudi aliweka vikombe mezani polepole, akainama kumwangalia baba yake usoni.

"Baba, acha."

"Nimefika ngapi?"

"Sijali umefika ngapi. Mdomo wako hauko. Huo mdomo ni wa mtu mwingine. Weka kalamu chini, twende nyumbani."

"Themanini na tisa," alisema Stumbo, ambaye alikuwa akihesabu. "Dada, mkataba ni mia mbili. Pungufu ya mia mbili, Kessler hafungui mkoba wake. Sikuutunga mimi huo utaratibu."

"Umeuandika wewe. Una jina lako juu."

"Nimeuandika, ndiyo. Ila sikuutunga."

"Kila anapoandika hayo maneno yenu uso unamtoka. Huoni?"

"Naona, dada. Mbona naona. Hakuna aliyelalamika."

Vernetta akasema mwenye kulalamika ndiye yeye. Stumbo akajibu kwamba alikuwa na maana ya wateja.

Lucius alimshika binti yake mkono. Mkono ule ulikuwa bado wake, mrefu, wenye kidole gumba kilichovunjikia kiwandani.

"Sikiliza, mama," alisema. "Nikiacha sasa hivi nitaenda nyumbani na nusu ya uso na bila picha. Nusu haina faida kwangu. Wao walikosea kwa sababu hawakunitazama. Leo huyu Kessler atasimama mbele yangu, hatua mbili, anitazame. Nimesubiri miaka hamsini na mmoja mtu wa kampuni ile asimame hatua mbili mbele yangu."

"Atamtazama nani, Baba? Atakapokuja hutakuwepo."

"Nitakuwepo. Nitamweleza."

Mtu mwingine angempindua Stumbo pamoja na meza yake, na mji ungemwelewa, au nusu ya mji. Vernetta aliketi. Baba yake alikuwa ameomba kitu kimoja tu maishani mwake mote, na hakutaka yeye awe ndiye aliyemnyima. Kwa hilo alijikasirikia siku ile, na anajikasirikia mpaka leo.

Kwenye kadi ya mia moja na arobaini kalamu ilihama kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, bila kusita, na mwandiko haukubadilika. Suruali ya suti ilianza kuburuza sakafuni. Kola ya shati ilimbana, kwa hiyo Vernetta akamfungulia kifungo. Kwenye mia moja na tisini kovu lilijitokeza juu ya nyusi, likiwa limepona, jeraha la utotoni la mtoto ambaye Lucius hakuwahi kuwa.

Ya mia mbili ilitiwa sahihi saa nane na dakika arobaini. Mtu aliyemaliza kuitia alikuwa mfupi, maji ya kunde, shingo nene, mwenye miaka ishirini na sita au sabini na mitano, kutegemea unamwangalia wapi. Macho ndiyo yalikuwa ya zamani. Sauti pia ilikuwa ya Lucius.

Bwana Kessler alikuja kwa wakati, mtu msafi, koti la rangi ya kijivu, viatu vilivyofunikwa mipira dhidi ya theluji. Alimpa Lucius mkono, akasema ni heshima kubwa, akatundika kitambaa cheupe ukutani. Alisimama hatua mbili mbele yake. Alimtazama. Akapiga picha sita.

Kisha akatoa kwenye mkoba kadi namba 418, safi, isiyo na sahihi, akaishika kando ya kioo cha kamera. Akatazama kadi. Akatazama picha. Akamtazama mtu.

"Ajabu," alisema, bila kuonyesha kwamba ni ajabu. "Hakuna kosa."

"Lipo," alisema Lucius. "Huyo wa kwenye kadi ni Wendell Tate. Mimi ni Lucius Bratcher. Asubuhi nilikuja hapa na sura yangu. Waulize."

Kessler aliwauliza. Stumbo alisema mzee amefanana na kadi tangu alipomfahamu, labda leo kidogo zaidi. Yule mwenye kioo cha kukuzia alisema kulikuwa na doa, lakini madoa hayahesabiwi.

Vernetta akatoa leseni ya udereva ya baba yake kwenye pochi, akaiweka kwenye kiganja cha Kessler. Ilikuwa na picha ya mwaka jana: uso mwembamba, mweusi tii, masikio yaliyosimama, alama chini ya jicho.

"Huyu ndiye baba yangu," alisema. "Mtazame vizuri. Chukua muda wako."

Kessler alichukua muda wake. Aliinua leseni, akaiweka sambamba na kadi, kisha sambamba na uso wa mtu aliyeketi. Aliangalia vitu vitatu hivyo kwa zamu, kwa bidii na uaminifu, kama anayelipwa kuangalia. Na ni kweli analipwa.

"Dada, sijui unataka nione nini," alisema. "Naona mtu yuleyule mara tatu."

Akamrudishia leseni. Aligeuza kadi kusoma nyuma, akakunja uso, kisha akatoa kalamu.

"Ngoja, kweli kuna kosa," alisema, na Lucius akainuka nusu kutoka kitini. "Hapa nyuma imeandikwa anarusha kwa kulia. Kwenye picha glavu iko mkono wa kulia, kwa hiyo anarusha kwa kushoto. Naona hata kalamu umeishika kwa kushoto, Bwana Bratcher. Tutalirekebisha. Samahani sana kwa usumbufu wa miaka yote hiyo."

Hilo la kurusha kwa kulia ndilo lililokuwa kweli kwenye kadi nzima, pamoja na jina na hesabu ya michezo, na hilo ndilo walilolifuta.

Habari zilizunguka meza arobaini na mbili kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Kadi 418 haina kosa, kampuni imethibitisha. Bei ilianguka palepale, kwenye simu za watu, wakiitazama. Todd wa kofia ya sufu alirudi akiwa na wenzake saba au wanane.

"Mzee, umenifanyia nini?" alisema, akitupa kadi mezani. "Umeandika 'huyu si mimi.' Na kumbe ni wewe."

"Uliniambia niandike."

"Nilikwambia uandike kwa vile ilikuwa kweli. Sasa ni uongo, na una sahihi yako juu yake. Huo ni utapeli. Mtu wa umri wako."

"Nirudishie pesa yangu," alisema yule mwanamke wa kadi tatu. Hakuwa akimwambia Stumbo. Alikuwa akimwambia Lucius, na hata hapo alikuwa akimtazama Vernetta.

Stumbo alisema hasara itakatwa kwenye malipo ya Lucius, na kwamba kwa bahati nzuri yanatosha kabisa, hakuna atakayemdai mwenzake. Alisema hivyo kwa upole. Aliona amewasaidia.

Vernetta alisimama akaenda kwenye kona ya chakula. Akanunua mkate mmoja wa nyama, akashukuru, akarudi nao kwenye sahani ya karatasi mpaka meza ya Stumbo mwenyewe, ile ya kadi za thamani. Alichovya kidole gumba kwenye mchuzi, akakibonyeza katikati ya kadi ya kwanza. Akachovya tena. Ya pili. Alifanya kazi kwa mpangilio, safu kwa safu, bila kuruka, kama anavyosafisha barabara.

Hapo ndipo ukumbi uliposhtuka. Mtu mmoja aliketi sakafuni. Mwingine alijishika kifua akaletewa maji. Stumbo alipiga ukelele, na wazimamoto wawili waliokuwa wakivuta sigara nje wakaja mbio wakidhani kuna moto.

"Una wazimu, mwanamke?" alisema Stumbo. "Hizo haziwezi kurudi kama zamani. Unaelewa? Zimeharibika moja kwa moja. Ni nani anayeweza kumfanyia mtu kitu kama hicho?"

Vernetta alimalizia safu. Kisha akampa mkono baba yake, akamkunjia suruali isiburuze kwenye theluji, wakatoka.

Nyumbani, mkewe Lucius, Clarice, alikuwa jikoni. Alisikia mlango, akageuka na mwiko mkononi, akamwona mtu aliyeingia na bintiye. Lucius na Wendell aliwafahamu wote wawili. Aliwapikia wote, kiangazi kile cha mwaka 1973.

"Wendell Tate," alisema. "Mume wangu yuko wapi?"

"Ni mimi, Clarice."

Clarice alisikiliza sauti ile mpaka mwisho wake, kisha akaweka mwiko chini.

"Futa miguu basi," alisema. "Sakafu nimeipiga deki sasa hivi."

Alimvua koti yeye mwenyewe. Alimgeuza kwenye mwanga wa dirisha, akapapasa pale alama ilipokuwa, akapapasa nyuma ya masikio. Vernetta alieleza yote, amesimama, koti bado mwilini.

"Watu wangapi wamekaa naye uso kwa uso?" aliuliza Clarice.

"Mia na kitu."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi."

"Na wakasema nini?"

"Walisema amefanana."

Clarice akapakua. Kuku, wali, maharage mabichi. Kijiko kiligonga sahani kwa hasira yake, na hakuificha. Alimwekea mumewe mbele yake, upande wa kushoto, kwa vile ndio mkono alionao sasa. Lucius alikula. Wendell alikufa na meno yake yote, kwa hiyo kwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na moja Lucius alitafuna kuku pande zote mbili, na alipogundua anamtafuna vizuri aliacha, akafunika macho kwa kiganja, akakaa hivyo.

Simu ya ukutani ikalia. Clarice akaipokea. Alikuwa Stumbo. Alisema mambo ya kadi zilizochafuliwa wataongea baadaye, kistaarabu. Alichopigia ni kingine. Kuna maonyesho Toledo mwezi ujao, na amepata mteja anayetaka sahihi ya Wendell Tate. Tate hakuwahi kuwa na kadi, sahihi yake ni adimu, na mteja anataka kumwona akitia kwa macho yake.

"Wendell Tate amekufa," alisema Clarice. "Lucius Bratcher anakula. Unamtaka nani?"

Stumbo alifikiri kidogo. Alikuwa mtu mwenye kutaka kusaidia.

"Yeyote kati yao, mama," alisema. "Kwangu ni sawa tu."

Clarice hakukata simu. Aliiweka juu ya kabati la sahani, sauti ya Stumbo ikiendelea kutaja tarehe na saa ya kufika, akavuta kiti, akaketi karibu na mumewe, akaanza kumchambulia kuku.